Mama Alipofika Namba Nane

Harufu ya eteni inayoyeyuka, ile risasi laini ambayo mafundi wa redio huunganishia nyaya, hunisimamisha njiani mpaka leo. Mwezi uliopita ilinisimamisha sokoni Kasongo, mbele ya meza ya kijana anayetengeneza simu. Alikuwa akimshauri mteja achague zile ekutere za kuvaa masikioni zenye kable nene, yaani waya mnene. "Angalia hii, mukubwa. Kable ikiwa nene, sauti nayo inapita mingi." Mteja aliibana kable kwa vidole viwili kama mtu anayechagua kamba ya kufungia mbuzi, akaridhika, akachukua. Mimi nikaendelea na kapu langu la sombe, majani ya muhogo, nikicheka peke yangu. Sikumcheka kijana. Nilicheka kwa sababu na sisi tuliwahi kuamini hivyo hivyo, watu wazima na watoto, na imani hiyo ilipovunjika nilijua jambo juu ya baba yangu ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajamwambia mtu.

Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi mnaikumbuka foni. Wadogo zetu inabidi kuwaeleza. Simu za mkononi zilikuwa zimefika Kasongo mjini, lakini Wamaza, Lusangi na vijiji vya ndani ya Kabambare vilikuwa bado havina mnara. Mtu aliyetaka kuongea na ndugu zake huko alikwenda kwenye foni. Ilikuwa redio ya rangi ya kijani, yenye maikrofoni ya kushika mkononi, batri ya gari chini ya meza, kioo cha jua cha kuichajia juu ya bati, na waya mrefu wa antena uliofungwa kati ya michikichi miwili. Unaongea, unasema "avu", yaani zamu yako, unaachia kidole, na mtu wa upande wa pili anajibu. Wote wenye foni kwenye njia hiyo wanasikia. Ilikuwa kama kuzungumza uani huku majirani wote wameegemea ua.

Foni yetu ilikuwa ya Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mtaa wa Waislamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyeleta mpunga na karanga kutoka Kabambare na kuuza chumvi, sabuni na vitenge. Chumba cha foni kilikuwa nyuma ya duka lake, na baba yangu ndiye aliyeiendesha. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, wakulima wa pembeni ya mji, lakini Baba alijifunza foni akiwa kijana, na watu waliacha kabisa kumwita kwa jina lake. Walimwita Operateri.

Kwenye foni nyingine sauti ilitoka kwenye spika, na kila aliyekaa barazani alipata mambo yako bure. Mama Zuhura alikataa desturi hiyo. Alisema haifai mtu apate habari ya msiba wake katikati ya wanunuzi wa chumvi. Kwa hiyo kwetu spika ilizimwa, watu wakasikiliza kwa ekutere. Habari ya kifo ikiingia, Baba alivua ekutere bila kubadilisha uso, akafunga daftari, akavua sandali, akavaa viatu vyake vya kamba, akatembea mpaka kwenye ukoo husika na kuwatafuta wakubwa. Watu waliokuwa barazani wakiona anafunga kamba za viatu waliomba kila mmoja asiwe yeye. Ndiyo maana nasema kazi ile haikuwa ya kubonyeza vifungo tu. Watu walimkabidhi masikio yao.

Sasa, redio ilikuwa na tundu moja tu la ekutere, na wasikilizaji walikuwa wawili, Operateri na mteja mwenye salamu. Fundi Asumani ndiye aliyetatua hilo. Alikuwa kijana mwembamba, mchezaji wa mpira, mwenye maneno mengi, aliyetengeneza redio chini ya bati la jirani yetu. Alichukua mkebe wa maziwa ya unga, akaweka ndani yake amplifikateri ndogo ya kukuza sauti, akatoboa matundu mawili ya ekutere, na juu ya kila tundu akaweka kifungo cha volimu. Redio ilipeleka sauti kwenye mkebe, na mkebe ukaigawa: huyu na yake, yule na yake, kila mmoja ageuze anavyopenda. Mama Zuhura alichora namba kuzunguka vifungo kwa rangi yake nyekundu ya kucha, kutoka sifuri mpaka tisa.

Nilikaa sana kwenye chumba kile, maana Mama alikuwa ameondoka. Bibi mzaa mama alianguka Wamaza akavunjika nyonga, na Mama akapanda pikipiki kwenda kumuuguza. Aliniambia atarudi Bibi akisimama. Kila Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, alifika kwenye foni ya Wamaza, nami niliwekwa juu ya sanduku la sabuni, ekutere ya pili ikifungwa kitambaa ili isidondoke kichwani.

Karibu na mkebe Baba alibandika kipande cha katoni. Alikiandika kwa mkono wake mzuri wa shule ya misheni: Lusangi, mbili. Kabambare, tatu. Wamaza, nne. Kindu, tano. Nilikuwa nimejifunza kusoma hivi karibuni, na nilisoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Nikaelewa, bila kumuuliza mtu, kwamba namba zile ni umbali. Lusangi ni karibu, ndiyo maana ni mbili. Mama yuko nne. Nne haikunitisha. Nne ni namba unayoweza kuihesabu kwa mkono mmoja na kidole kikabaki.

Lakini msimu wa karanga ulipokuwa ukiendelea, niliona Baba akiita Wamaza na kugeuza kifungo chake mpaka tano. Jumamosi nyingine, sita. Aliifuta ile nne kwenye katoni, akaandika sita, halafu saba. Nami nikajua kwa uhakika wote wa mtoto kwamba Mama anaondoka. Anakwenda mbele ya Wamaza, kila wiki kidogo, na Baba anamfuata kwa kifungo.

Niseme wazi, ili msiteseke pamoja nami: Mama hakuwa ameondoka hata hatua moja. Kilichokuwa kikiondoka ni masikio ya Baba. Namba za katoni zilikuwa za kugeuzia kifungo chake tu, na za foni nyingine nazo zilipanda, ila mimi nilitazama ya Wamaza peke yake. Miaka mingi ya ekutere zilizofunguliwa sana, juu ya mikoromo ya mawimbi, ilikuwa imemla sikio la kushoto, na la kulia lilikuwa limeanza kulifuata. Yeye alijua. Alijua pia kwamba Operateri asiyesikia hana kiti. Kwa hiyo tulikaa wawili kwenye chumba kimoja, tukitazama kifungo kimoja, kila mtu na hofu yake.

Siku moja Mama Zuhura aliingia akiwa bado ameshika fimbo ya kupimia vitenge.

"Operateri, Wamaza walikuita jana mara tatu. Mara tatu! Mwenye mpunga wangu amekaa pale mpaka amechoka, ameenda shamba. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Mama Zuhura."

"Hapa? Basi nani alikuwa analala?"

Baba aliangalia mkebe, hakumwangalia yeye. "Ile sauti iko nakuja kidogo sana siku hizi. Kable imechoka."

"Kable imechoka. Muzuri. Kable tutabadilisha leo." Akamnyooshea fimbo, bila hasira, kama anayeonyesha mahali pa kukata kitambaa. "Lakini kable mupya nayo ikichoka, nitatafuta mutu mungine. Watu wananiletea mambo ya maisha yao hapa. Haiko muchezo."

Alirudi na kable aliyoikata mwenyewe kutoka akiba ya kioo chake cha jua, nyeusi, nene kama kidole changu gumba. Fundi Asumani aliitwa. Alipoiona alishika kiuno.

"Mama, hii ni kable ya kupitisha moto wa batri. Haiko ya sauti."

"Iko nene ao haiko nene?"

"Iko nene."

"Basi funga."

"Mama, unene hau..."

"Asumani. Mulango munene na mulango mwembamba, gunia ya mpunga inapita wapi?"

Barazani watu walicheka na kumwunga mkono. Hata mimi nilimwunga mkono kimoyomoyo. Katika mji wa watu wanaobeba magunia, nani angebishana na mlango mpana? Fundi Asumani akachomeka chuma chake kwenye makaa, akayeyusha eteni, akafunga kable nene kati ya redio na mkebe, akinung'unika. Baba alitaka iwe ndefu, afike nayo mpaka mlangoni penye upepo. Ikawa ndefu.

Tangu saa ile ekutere zikaanza kunguruma. Jirani yetu alikuwa na jenereta ndogo ya kuchajia simu za watu, na jenereta hiyo sasa ilikuwa kama imeingia ndani ya vichwa vyetu. Ilipowashwa, Kabambare ilizama. Ilipozimwa, Kabambare ilitoka majini. Wateja walilalamika. Lakini Baba, jambo la ajabu, alikuwa na amani kuliko miezi yote iliyopita. Mtu akisema hasikii, Baba alisema, "Hata mimi, ndugu yangu. Iko ile ngurumo." Nilikuja kuelewa nilipokuwa mkubwa: ngurumo ile ilimfanya awe sawa na watu wote.

Kifungo chake kilifika nane.

Nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda chini ya bati la Fundi Asumani, nikamuuliza baada ya tisa kuna namba gani.

"Baada ya tisa hakuna kitu, binti."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Sikia." Akachukua kifungo kibovu, akakifungua mbele yangu, kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kuona swali akaliacha lipite. Ndani palikuwa na utepe mweusi uliopinda kama ukucha wa mwezi, na mguu mdogo wa chuma uliotembea juu yake. "Watu wanafikiri kifungo inaongeza sauti. Haiongezi hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia. Kwa sifuri, inazuia yote. Kwa nne, inaachia kipande. Kwa tisa inasema, mimi sizuii tena, chukua yote yenye iko. Ukitaka zaidi ya tisa, haipo. Na ukifungua redio kidogo, kiisha ukafungua mkebe yote, unapandisha na takataka yote ya njiani. Fungua redio muzuri, mkebe ubaki chini. Umeelewa?"

Nilikuwa nimeelewa sentensi moja tu: baada ya tisa haipo. Nikaanza kulia, naye akadhani ninalilia ngurumo ya ekutere.

"Aa, usilie. Ile ngurumo nitaitoa. Niambie: ukibeba sahani ya chakula njiani, na pikipiki zinapita, barabara pana itakuzuilia vumbi?"

Nikatikisa kichwa.

"Itakuzuilia nini?"

"Kifuniko."

"Haa! Mwambie Mama Zuhura. Sauti ya ekutere ni kitu kidogo, haina haja ya barabara pana. Iko na haja ya kifuniko."

Alikuwa na kable nyembamba aliyoitoa kwenye televisheni iliyokufa. Aliimenya mbele yangu: katikati waya mmoja mwembamba, juu yake mpira mweupe, na juu ya mpira shati la nyuzi za shaba zilizosukwa kama ukili wa mkeka. "Sauti inapita ndani," alisema. "Jenereta ikija, inakuta shati, shati inaipeleka chini." Jioni hiyo hiyo aliifunga, fupi, urefu wa mkono wangu tu. Mama Zuhura aliitazama kwa dharau, kama mtu aliyeletewa kuku aliyekonda. Kisha akavaa ekutere, na jirani akawasha jenereta. Akangoja. Akazivua, akazitazama, akavaa tena.

"Asumani," akasema, "mbona hukuniambia?"

Sauti ilikuwa safi kama haijawahi kuwa. Kila mtu alifurahi. Nilimtazama Baba nikitegemea naye afurahi, lakini alikuwa ameinama akipanga daftari lake ambalo lilikuwa limeshapangwa.

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa. Mama Zuhura alikuwa ameketi juu ya gunia akisubiri habari za mpunga wake. Fundi Asumani alikuwa amesimama mlangoni kusifiwa. Wanunuzi wa chumvi walikuwa barazani. Baba alibonyeza maikrofoni, akaita Wamaza, akageuza kifungo chake. Nilikifuata kwa macho. Tano. Sita. Saba. Nane.

Basi, nikasema moyoni. Wiki ijayo atafika tisa, na baada ya tisa haipo.

Kisha sauti ya Mama ikaingia kwenye ekutere yangu. "Kasongo, hapa Wamaza. Mutoto yangu iko pale? Uko nakula? Avu."

Ilikuwa sauti ya karibu sana. Nilisikia mpaka pumzi zake, mpaka kuku wa Wamaza. Nikatazama kifungo changu mwenyewe, ambacho siku zote kabla ya hapo sikuwahi kukitazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye cha Baba. Kifungo changu kilikuwa kwenye nne. Pale pale pa mwanzo. Mama alikuwa nne!

Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena. Nilisimama juu ya sanduku la sabuni nikapiga kelele, kwa sababu mwenye ekutere masikioni hajui anavyopiga kelele.

"Baba! Mama hajaenda! Kwangu iko pale pale kwa ine! Ni kwako tu ndiyo iko kwa munane!"

Chumbani watu wote wakanigeukia. Barazani wakachungulia. Nilishuka taratibu, nikijua nimefanya kitu, bila kujua ni kitu gani.

"Mutoto anasema nini?" Mama Zuhura aliuliza.

"Kifungo, Mama," Fundi Asumani akasema haraka. "Vile vifungo nilivitoa kwenye redio mbili mbalimbali. Kimoja kinaweza kuwa kinafungua mapema, kingine kinachelewa. Sikio halipimi kama mizani ya sokoni, lazima kifungo..." Hakumaliza. Alikuja mezani, akachomoa ekutere ya Baba, akaitia kwenye tundu langu, kwenye nne. "Operateri?"

Mama alikuwa akirudia kuita; Baba akasikiliza. Akatikisa kichwa. Fundi akageuza: tano, sita, saba, nane. Hapo Baba akaitikia. Akanitia mimi kwenye tundu la Baba. Kwenye nne nilisikia kila kitu. Akabadilisha ekutere zenyewe, yangu kwake, yake kwangu. Vilevile. Mwishoni akamgeuzia Baba ekutere kichwani, kikombe cha kushoto kikaenda kulia. Huo ni upimaji mzuri, nawaambia, na unaweza kufanywa na mtu yeyote: ukimya ukihamia upande mwingine, kosa ni la chombo. Ukibaki ulipokuwa, kosa si la chombo.

Ulibaki.

"Usisumbuke, Asumani," Baba akasema. "Mukebe iko muzima. Kable iko muzima. Ni mimi." Alivua ekutere akaziweka mezani kwa mikono miwili, kama anavyoweka mtu kikombe kilichojaa. "Ya kushoto imekufa tangu mwaka jana. Ya kuume iko nakufa kidogo kidogo. Ile siku Wamaza wameita mara tatu, sikulala, Mama Zuhura. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Akasimama, akaacha kiti wazi.

Ndipo nilipoelewa. Si yote, lakini lililo kubwa. Msimu wote nilikuwa nikimhofia mtu asiyekwenda popote, na aliyekuwa akienda mbali alikuwa ameketi karibu yangu, magoti yetu yakigusana.

Kwenye ekutere, Mama alikuwa bado anangoja. "Kasongo, Kasongo, mumepotea? Avu."

"Iko naita," nikasema.

Mama Zuhura alikuwa hajasimama kwenye gunia. "Mujibu bibi yako, mama ya huyu mutoto, Operateri."

"Nimujibu nini?"

"Hiyo umetuambia sisi."

"Kwa hewa?" Baba aliangalia mlangoni. "Lusangi wanasikia. Kabambare wanasikia. Foni yote."

"Si ndiyo wao wanakuita? Wanakuita kila siku hawajui uko nusu. Nikuweke ao nikutoe, hiyo nitaangalia mimi. Lakini watu wanaoongea na wewe wajue wanaongea na nani."

Sikumwona Baba akiogopa kabla ya hapo, wala sikumwona tena. Alichukua maikrofoni. Kidole chake kilibonyeza, kikaachia, kikabonyeza. Akaongea kwa sauti ile ile ya kazi, iliyonyooka, ambayo alitumia kutaja magunia.

"Wamaza, hapa Kasongo. Mama watoto, sikio yangu ya kushoto imekufa. Ya kuume inapungua. Nilikuficha, nilisema moyoni utamuacha mama yako mugonjwa urudi. Na foni zote munisamehe, kama mumeita bila jibu, ni hiyo tu. Avu."

Akaachia kidole. Mama Zuhura akaja, akafungua kile kitambaa kichwani mwangu, akachukua kikombe kimoja cha ekutere akakiweka kwenye sikio lake, kingine akaniachia mimi. Tukawa shavu kwa shavu. Alinukia karafuu na gunia.

Kisha Mama. "Kasongo, hapa Wamaza. Ile nilijua kuko kitu. Tangu karanga ziko na maua niko nakuuliza habari ya mutoto, unanijibu bei ya mpunga. Nilisema moyoni, huyu amepata bibi mungine. Kumbe sikio tu? Mungu asifiwe! Mimi sirudi mpaka mama asimame, na wewe ngoja hapo hapo. Avu."

Mama Zuhura alicheka mpaka ekutere ikatoka sikioni, ikabidi airudishe. Baba alitutazama, mara yeye, mara mimi, maikrofoni mkononi.

Sauti nyingine ikaingia, ya mwanamume. "Kasongo, hapa Lusangi. Kuanzia leo kila neno nitasema mara mbili. Mara mbili. Avu."

"Kasongo, hapa Kabambare. Nitakuita polepole, na nitangoja. Ukiwa shamba hata, nitangoja. Avu."

Halafu mzee wa foni ya Wamaza, aliyemnyang'anya Mama maikrofoni. "Operateri, mimi niko na meno ine tu, na bado munanisikiliza. Wewe uko na sikio moja. Tuko sawa. Avu."

Na wengine, wa mbali, ambao sikuwahi kusikia mahali pao pakitajwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema taratibu kama anayemwongoza mtu kuvuka mto. Mama Zuhura aliacha kucheka. Alisikiliza wote mpaka wa mwisho. Kisha akaondoa kikombe sikioni, akanirudishia, akajifunga vizuri kitambaa chake.

"Nilisema nitatafuta mutu mungine," akasema. "Nimutoe wapi? Mutu mupya nikimuleta hapa, nani kule Kabambare atamungoja?" Akakisukuma kiti kwa mguu mpaka kikagonga magoti ya Baba. "Keti. Watu hawa wanangoja jibu. Na mutoto yako atakaa na ekutere ya pili mpaka nimupate mutu mukubwa wa kukaa hapo."

Baba akaketi. Fundi Asumani aliinama, akapiga alama ya wino kwenye namba sita ya kifungo cha Baba, akamwambia asiipite tena kama anataka kuzeeka na kile kilichobaki. Baba akarudisha kifungo kutoka nane mpaka kwenye alama. Akashika maikrofoni. Lakini kabla ya kubonyeza alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke, mbele ya watu wote, aliuliza kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Mama yako amesema nini?"

Nikamwambia lote, pamoja na la bibi mwingine.